Zile namba hazikuwa tarehe: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na elimu

Kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mkuu wa Mkoa wa Dodoma. Na Mkurugenzi wa Jiji letu.

YAH: WATOTO WANAOCHELEWA KULIA WANAPOZALIWA, NA KINACHOWAPATA BAADA YA KURUHUSIWA

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Nkuhungu. Ofisi zenu na nyumba yangu viko katika jiji moja, na wapo watumishi wa Mji wa Serikali kule Mtumba ambao ninawapunguzia suruali na kuwashonea vitenge vya sikukuu. Kwa hiyo siwaandikii watu wa mbali. Nawaandikia kuhusu mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 10, anayesoma darasa la nne, na kuhusu karatasi moja ambayo nimeitunza tangu siku tuliporuhusiwa naye kutoka wodini.

Alizaliwa Machi 2015. Nilikuwa nimerudi kwa mama yangu kujifungulia huko, kama wengi tunavyofanya kwa mimba ya kwanza. Uchungu ulinianza usiku. Kwenye kituo cha afya wakaniambia njia inafunguka, nisubiri. Nikasubiri hadi kukakucha, na njia ikawa imegoma pale pale. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mwingine. Baba wa mtoto akakodi gari la mtu aliyekuwa anapeleka magunia ya karanga sokoni, tukaondoka kwenda hospitali, mimi nimelala juu ya shuka la mama nimeshika bomba la gari. Nakumbuka vumbi. Nakumbuka mama yangu akiniambia kwa Kigogo nisisukume, na mwili wangu ukisukuma wenyewe.

Mtoto alitoka mchana, na chumba kikawa kimya. Mwanamke aliyewahi kusikia kimya kile hahitaji kuelezwa. Mkunga, dada mdogo tu kwa umri, alimchukua, akamkausha kwa nguvu, akamnyonya uchafu mdomoni, akamvika kile kifuniko cha uso na kuanza kuminya mfuko wa hewa. Anaminya, anaachia, anaminya, anaachia. Hakutazama pembeni hata mara moja. Mimi nilikuwa namwangalia mgongo wake, kwa sababu nikiona mgongo ule unafanya kazi najua bado kuna matumaini. Baadaye sana nikasikia sauti nyembamba kama ya kitoto cha paka. Huyo ndiye mwanangu. Tulikaa siku 9 wodi ya wachanga, kwa oksijeni, na kulishwa kwa mpira wa puani. Mkunga yule simjui jina mpaka leo, na kila Machi namwombea.

Sasa nisikilizeni kuhusu karatasi.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi yenye maandishi ya haraka haraka, na katikati yake kulikuwa na namba mbili: 2/10 na 5/10. Hakuna aliyenieleza. Muuguzi aliniambia nimnyonyeshe vizuri, nirudi kliniki kwa ratiba. Mimi nilisoma namba zile kama mtu yeyote angezisoma: tarehe 2 mwezi wa 10, na tarehe 5 mwezi wa 10. Nikajua hizo ndizo tarehe za kumrudisha. Nikaziweka kichwani miezi 6 na zaidi. Ilipofika Oktoba 2, Ijumaa, nilimfunga mwanangu mgongoni nikaenda. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi. Nilipofika dirishani wakaniambia sina miadi, jina halipo. Nikafikiri nimekosea, nikarudi Jumatatu, tarehe 5. Jibu likawa lile lile. Mtu wa dirishani hakunitukana wala hakunifukuza. Aliitazama karatasi, akanirudishia, akasema, "Mama, hapa hakuna tarehe." Naye hakusema kilichopo ni nini.

Ilinichukua miaka 8 kujua. Zilikuwa alama za Apgar. Kila mtoto anayezaliwa hupimwa rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, kupumua, unyong'onyevu wa viungo na anavyoitika akiguswa, kisha anapewa alama kati ya 0 na 10, dakika ya kwanza na tena dakika ya tano. Mwanangu alipata 2, halafu 5. Mtu mwenye ujuzi akiziona tu anajua kwamba mtoto huyu huenda alikosa hewa na anahitaji kuangaliwa anapokua. Kwa hiyo habari ya mwanangu ilikuwepo. Iliandikwa kwa wino siku aliyozaliwa. Mimi niliibeba mikononi na sikuwa na macho ya kuisoma, na waliokuwa na macho hayo hawakuulizwa.

Baada ya hapo tulikwenda kliniki kila mwezi, sikukosa. Mtoto anavuliwa nguo, anawekwa kwenye ule mzani wa kuning'inia, doa linawekwa kwenye mstari wa kijani, "uzito mzuri mama, nenda." Alitembea akiwa na mwaka mmoja na miezi 7. Nilisema. Nikaambiwa wengine huchelewa, na ni kweli wengine huchelewa. Lakini kadi ile ilikuwa na uzito, chanjo na matone ya vitamini A, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba huyu alichelewa kulia. Alipofika miaka 5 kliniki ikaisha na kadi nikaiweka kabatini pamoja na ile karatasi.

Kilichofuata nyumbani sitakieleza chote. Alikuwa halali. Alipanda kila kitu kinachopandika. Alivuka barabara kana kwamba magari hayapo. Aliruka jiko la mkaa likiwa na sufuria ya maji, na kovu lake liko kwenye paja la kushoto. Ukimtuma chumvi anarudi bila chumvi, bila hela, ameshika kipande cha waya, ana furaha. Mawifi zangu walisema nimemdekeza. Bibi yake, mama yangu mwenyewe anayempenda kuliko roho yake, alisema mtoto ana kitu, tukampeleka kwa mtaalamu wa kienyeji, akachanjwa. Tukampeleka kwenye maombi, tukafunga. Baba yake alimchapa. Nami nilimchapa, waheshimiwa. Nilimchapa kwa mwiko, kwa ndala, kwa mkono, na usiku nikaamka kumfunika shuka nikilia. Nayaandika haya kwa sababu wazazi wengi wanayafanya, na hawana pa kuyasemea.

Akaingia darasa la kwanza mwaka 2022. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 100. Simlaumu mwalimu anayesimama mbele ya watoto 100 akiwa na chaki mkononi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa na mmoja. Lakini shule hiyo haikuwa na jibu lingine kwa mwanangu isipokuwa fimbo. Alichapwa kwa kusimama, kwa kuongea, kwa kupoteza penseli, kwa kutomaliza imla, kwa kumgusa mwenzake, kwa kutazama dirishani. Jioni moja nilipomvua shati nilikuta mistari mgongoni. Nikamuuliza, "Umefanya nini?" Akasema, "Sijui mama. Nilisimama." Jibu hilo bado liko masikioni mwangu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mgongoni mwa mwanangu nilihesabu zaidi ya vinne, na nilipoomba kuona kitabu sikuonyeshwa kitabu chochote.

Darasa la pili Mungu akamletea mwalimu. Mama wa makamo, mpole, wala hakuwa amesomea elimu maalumu. Alimhamishia dawati la mbele, mbali na dirisha. Alimpa kazi ya kufuta ubao, kugawa madaftari na kwenda kuchukua chaki ofisini, ili mwili wake upate sababu halali ya kusimama. Hesabu 10 alimpa mbili mbili: maliza hizi, niletee, chukua nyingine. Akimwambia jambo, alimgusa bega kwanza, wakatazamana, ndipo anasema, kisha mtoto anarudia alichoambiwa. Kabla ya mwezi Agosti mwanangu alikuwa anasoma sentensi. Nilishona gauni nikampelekea, akakataa kulipokea bure, akalipa.

Mwaka uliofuata mwalimu yule akahamishwa. Uhamisho ni kawaida ya utumishi, silalamikii hilo. Ninacholalamikia ni kwamba aliondoka na kila alichokijua kuhusu mwanangu. Hakikuandikwa popote. Mwalimu wa darasa la tatu alianza upya na mtoto ambaye kwake ni mtukutu tu, dawati likarudi nyuma karibu na dirisha, na mistari ikarudi mgongoni. Ilikuwa ni zile namba za 2015 tena: mtu mmoja anajua, na ujuzi wake unaishia mlangoni.

Nirudi nyuma kidogo: akiwa bado darasa la pili, jirani yangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyeniambia nimpeleke kwa daktari wa afya ya akili. Nilimnunia wiki mbili. Hapa Dodoma mnajua kwa nini. Mirembe ni hospitali ya taifa, ipo tangu mwaka 1927, imewarudisha watu wengi kwenye familia zao, lakini jina lake tumeligeuza tusi, watoto wakigombana wanaambiana "wewe wa Mirembe." Nilisikia neno "akili" na nikaona mwanangu anaitwa hivyo maisha yake yote. Najuta kwa zile wiki mbili, na najuta zaidi kwamba mama wengine bado wanakaa miaka miwili.

Tulimpata daktari mwishoni mwa mwaka 2023, aliyekuja kwa kliniki ya siku chache. Hakumpima kwa mashine. Aliuliza maswali kwa saa nzima, akampa baba yake fomu, akanipa mimi fomu, akampa mwalimu fomu, kwa sababu dalili lazima zionekane mahali zaidi ya pamoja, zidumu miezi 6 au zaidi, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Alipima masikio na macho ili asije akaita utukutu kitu ambacho ni uziwi. Kisha akaomba karatasi za kuzaliwa. Nikamtolea ile karatasi. Aliisoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mama, hizi namba kuna mtu aliwahi kukueleza?"

Mwanangu ana ADHD. Ni hali ya ubongo unavyokua, inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kushika umakini kwenye jambo lisilomvutia na kujizuia kabla ya kutenda. Daktari alikuwa mwangalifu, nami nataka niwe mwangalifu kama yeye: hakusema kwamba leba ile ndiyo iliyosababisha. Alisema sababu kubwa kuliko zote ni kurithi. Kuzaliwa njiti, kuzaliwa na uzito mdogo au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huongeza uwezekano, na kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kupima kipi kilichangia kiasi gani. Baba yake, ambaye aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya "kutotulia," alisikiliza maneno hayo, akainuka, akatoka nje akasimama chini ya mti. Sikumfuata. Alipokuwa tayari alirudi. Tangu siku hiyo hajamchapa.

Daktari alisema pia kwamba haitokani na kudekezwa wala sukari wala laana, na kwamba katika watoto 100 popote duniani wapo kama watano wenye hali hii. Mkoa wetu kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 3. Piga hesabu ni madawati mangapi ya nyuma hapa Dodoma, Bahi, Chamwino, Kondoa, Chemba, Kongwa na Mpwapwa.

Msione mtoto huyu kama mzigo. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 alitoroka kwenda kuitazama, tukamtafuta hadi jioni, nikiwa nimeshafikiria mabaya yote. Tulimkuta amesimama kwenye uzio, hajala, ametulia tuli. Yule anayeshindwa kumaliza mistari mitatu ya imla aliniambia usiku ule vituo vyote toka Dar es Salaam hadi hapa kwa mpangilio, na amechora mabehewa kwenye kila kipande cha karatasi ya mitindo kilichomo kwenye kibanda changu. Umakini anao. Hajui tu kuupeleka anakoambiwa.

Ninachowaomba kinaanzia leba. Mtoto aliyechelewa kulia aandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili ambacho mama anakisoma: mtoto huyu alikosa hewa, afuatiliwe. Tarehe za kumfuatilia ziwe tarehe kweli. Na siku ile anayopimwa uzito aulizwe pia anakaa vipi, anatembea vipi, anasema nini, anacheza vipi, na muuguzi ajue ampeleke wapi akiona kasoro. Kadi isiishie miaka 5 kwa mtoto wa namna hii. Iende naye shuleni siku ya kuandikishwa.

Mnajua kwa nini jambo hili ni la sasa. Mradi wa mafunzo kwa wakunga uliofanyika katika hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza ulitoa matokeo mwaka 2025: vifo vya wachanga wa siku ya kwanza vilishuka kwa karibu asilimia 40. Niliposikia hivyo nilifurahi hadi machozi, na Manyara ni jirani zetu, nategemea mafunzo hayo yatafika kila leba ya mkoa huu. Lakini kila mtoto ambaye zamani angefia mezani na leo anapumua, kesho atapanda ule mzani. Wakunga wenu wanazidi kuokoa watoto kama wangu. Nani kwenye wizara yenu amehesabu watakavyofuatiliwa?

Kwa Waziri wa Elimu naomba kile alichofanya mwalimu wa darasa la pili kiandikwe kwenye faili la mtoto, kisainiwe, na kipokewe na mwalimu anayefuata kama anavyopokea funguo za darasa. Hiyo haihitaji fedha. Chuo cha Patandi kinafundisha walimu wa elimu maalumu, lakini mtoto kama wangu yuko darasa la kawaida kwa mwalimu wa kawaida, basi mafunzo hata ya siku 2 yamfuate huyo alipo. Na mtoto mwenye taarifa ya daktari asiguswe na fimbo kwa kitu ambacho ubongo wake hauwezi kukizuia. Andikeni hivyo kwenye waraka, wazi, mwalimu mkuu aubandike ofisini.

Mitihani nayo. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hutajwa wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mwanangu hayumo kwenye orodha hiyo, na mwezi wa upimaji wa darasa la nne unakuja. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi uliopo ni wa 2021/22 hadi 2025/26. Utakaoufuata umtaje.

Matibabu nitayasema kwa ufupi. Mafunzo ya mzazi tuliyopewa na daktari, vipindi vinne tu, yalibadilisha nyumba yangu kuliko kitu chochote: maagizo mafupi, ratiba ukutani, sifa papo hapo anapofanya vizuri. Kwa watoto chini ya miaka 6 hayo ndiyo hutangulia kabla ya dawa. Dawa yenyewe, methilifenideti, ni ya kundi linalodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa 1971 na haipaswi kuuzwa ovyo, nakubali. Ila mtoto wa Dodoma aliyeandikiwa na daktari aipate Dodoma. Tumeagiza Dar es Salaam mara tatu kwa watu wa mabasi, na mara ya tatu haikufika. Na kliniki hizi za watoto ziwekwe pale pale wanapochanjwa watoto wengine, mlango mmoja, benchi moja, mama asilazimike kuchagua kati ya tiba ya mwanawe na jina lake mtaani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 mnapoitekeleza, muwaweke watoto hawa ndani ya kitita.

Ile karatasi bado ninayo. Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na fomu za daktari na barua niliyomwandikia mimi mwenyewe mwalimu wa darasa la nne, kurasa mbili, kumweleza mwanangu akae wapi na aguswe bega kabla ya kuambiwa jambo. Mwalimu aliipokea, akasoma mbele yangu, na kesho yake alimhamisha dawati.

Kama kuna mtu ofisini kwenu anayetaka kuziona karatasi hizi, kibanda changu kiko Nkuhungu, nafungua saa mbili asubuhi. Akija baada ya saa tisa na nusu alasiri atamkuta na mwenyewe, ametoka shule, anachora treni sakafuni.

Wasalaam,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne,
Nkuhungu, Dodoma.